BETRI YA SOLA HAILIWI MPAKA CHINI



Ukipita Mhunze na vijiji vya jirani utaona paneli za sola juu ya mapaa mengi. Jua la Kishapu halina shida. Hata TANESCO mwaka 2023 ilitia saini mkataba wa kujenga kituo kikubwa cha umeme wa jua katika wilaya hii hii, huko Ngunga. Lakini hebu ingia ndani ya nyumba uangalie kona. Mara nyingi utakuta betri iliyokufa, watoto wameifanya kigoda. Mwenyewe aliinunua kwa fedha za pamba, nayo ikadumu msimu mmoja tu. Ukimwuliza atakwambia, "Niliuziwa feki."

Feki zipo, hatukatai. Ila betri nyingi tunaziua wenyewe. Na sisi walimu tumo. Darasa letu la jioni lilikuwa na betri nzuri kabisa. Mchana tulisoma, usiku watu wakaangalia mpira mpaka taa zikafifia. Siku za mvua zikaja, betri ikakaa tupu wiki tatu. Jua liliporudi, betri ilikataa kushika umeme. Wanafunzi wetu wakarudia vibatari, na kina mama wawili wenye macho mabovu wakaacha kuja. Ndiyo sababu tumeandika somo hili.

Ndani ya betri mna nini?

Betri ya volti 12 ina vyumba 6, kila chumba kinatoa volti 2 hivi. Ndani ya kila chumba mna vibao vya risasi, yaani yale madini mazito, navyo vimezama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyeitengeneza betri ya namna hii mwaka 1859, na mpaka leo kanuni ni ile ile.

Unapotumia umeme, tindikali inashikana na vibao na kufanya utando mweupe. Jua likichaji betri, utando unayeyuka na tindikali inarudi majini. Sasa angalia hapa. Betri ikiachwa tupu siku nyingi, ule utando unakuwa mgumu kama ukoga wa sufuria ya zamani, wala jua haliuondoi tena. Hivyo ndivyo betri inavyokufa.

Fikiria kihenge cha mtama. Mwenye akili hali mpaka mbegu. Betri nayo ni hivyo: tumia nusu, nusu iache. Tena kesho yake ijazwe.

Nusu ni kiasi gani?

Tupige hesabu. Betri imeandikwa volti 12, ampia-saa 100. Zidisha: 12 × 100 = wati-saa 1,200. Nusu yake ni 600. Hizo ndizo zako kwa usiku mmoja.

Nyumbani una taa 4 za wati 5, zinawaka saa 5: ni wati-saa 100. Runinga ya wati 40 kwa saa 4: ni 160. Redio ya wati 10 kwa saa 6: ni 60. Jumla 320. Umebaki salama. Lakini ungenunua betri ya ampia-saa 50 kwa kuwa ni rahisi, nusu yake ni wati-saa 300 tu. Kila usiku ungekula mbegu.

Fundi mwenye mita anaweza kukupimia alfajiri, kabla ya jua, vitu vyote vikiwa vimezimwa. Volti 12.6 na zaidi, imejaa. Volti 12.2, iko nusu hivi. Chini ya 12, umepita mpaka.

Kontrola inapozima umeme, wengine wanaunga waya moja kwa moja kwenye betri ili wamalizie mpira. Jamani! Kontrola nyingi zinazima betri ikiwa imeshashuka mno. Ukiiruka, hapo unamalizia betri yenyewe. Na betri ya gari tunaiona sana vijijini. Imetengenezwa kuwasha injini kwa nguvu ya mara moja, vibao vyake ni vyembamba, haivumilii kazi ya usiku kucha.

Betri yenye vifuniko hupungukiwa maji. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, vibao vifunikwe. Usitie maji ya kisima, yana chumvi. Usiongeze tindikali. Inapochaji hutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo iweke penye dirisha, mbali na kibatari na sigara, wala si chumba cha kulala. Tindikali ikikuingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20, ndipo uende zahanati. Iliyomwagika sakafuni, mwagia maji yenye magadi.

Ikishakufa je?

Hapa tunaomba msome polepole. Wako watu wanaopasua betri kwa shoka na kuyeyusha risasi jikoni, wapate vizito vya nyavu. Moshi na vumbi lake ni sumu. Mtoto anaipata kwa mikono anayotia mdomoni, nayo inaharibu ubongo wake polepole, bila homa wala dalili ya kukushtua. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama kwa mtoto.

Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu karibu na nyumba za watu mpaka kikafungwa mwaka 2014. Watoto walipopimwa, risasi ilikutwa katika damu yao. Wakazi, wakiongozwa na mama aitwaye Phyllis Omido, walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 wakaamuliwa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi ulipingwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawapa haki tena. Watoto waliokwisha kuumia hawakurudishiwa akili zao kwa fedha hizo.

Betri iliyokufa ina bei. Irudishe nzima kwa mwenye duka anayepokea betri kuukuu, au umwuzie mnunuzi anayeichukua bila kuipasua. Mpaka hapo iweke imesimama, watoto wasiifikie. Kile kigoda cha kona ndicho cha kwanza kuondoka.

Zoezi

Mama mmoja ana betri ya volti 12, ampia-saa 70. Anawasha taa 3 za wati 5 kwa saa 6, na runinga ya wati 50 kwa saa 6. Majirani wanamletea simu 5, kila moja inakula wati-saa 10. Je, amevuka nusu? Kama amevuka, apunguze nini?