SOMO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI: KUPIMA HIFADHI ZA BURE ZA MTANDAONI

Watumishi wa Serikali na wakaazi kwa jumla wanakumbushwa kwamba hati binafsi za mtu, kama vile vyeti vya masomo, barua ya ajira ya kwanza, barua za kupandishwa cheo na hati za kiwanja, ni mali ambayo thamani yake huonekana siku inapotakiwa na isipatikane. Hivi sasa makampuni mbali mbali ya nchi za nje hutoa nafasi ya kuhifadhi faili katika mitambo yao bila ya malipo. Nafasi hiyo huitwa hifadhi ya mtandaoni, na wengine huiita wingu. Somo hili linaeleza namna ya kuipima ahadi ya bure kabla ya kuikubali.

Mfano unaotumika ni wa Mbeya na Iringa, katika Nyanda za Juu Kusini. Mikoa hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ipo mbali na pwani, ambako mawasiliano ya intaneti huingilia nchini. Kwa barabara, Iringa ipo kiasi cha kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na Mbeya zaidi ya kilomita 800. Pili, wakaazi wa Mbeya wameonja hasara ya moto. Yanayowahusu wao yanamhusu pia mkaazi wa Unguja au Pemba.

1. Haja ya nakala ya pili

Soko la Mwanjelwa mjini Mbeya liliteketea kwa moto mwaka 2006, na soko la SIDO katika mji huo huo likaungua mwaka 2017. Mfanyabiashara aungukiwapo na duka hupoteza bidhaa, na pamoja nazo hupoteza daftari la wadeni, leseni na mikataba iliyokuwa ndani ya kabati. Bidhaa huweza kununuliwa upya; daftari haliuzwi popote.

Kwa upande wa watumishi, Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilifanya uhakiki wa vyeti, na mwezi Aprili 2017 ilitangazwa kwamba watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki wa namna hiyo humfunza hata mwenye vyeti halali kwamba haki isiyo na ushahidi mkononi huwa ngumu kuitetea. Vile vile mstaafu anapodai mafao hutakiwa kuonesha barua ambazo huenda aliandikiwa miaka 30 au zaidi iliyopita.

Ieleweke kwamba picha ya cheti haichukui nafasi ya cheti chenyewe. Hata hivyo, mwenye picha hiyo huijua namba, tarehe na ofisi iliyotoa hati, na kwa hivyo anapokwenda kuomba nyingine huwa na pa kuanzia. Asiye nayo huanza kwa kubahatisha.

2. Faili hukaa wapi

Jina la wingu lisimdanganye mtu. Faili hukaa ndani ya kompyuta kubwa zilizo mali ya kampuni, katika majengo yaliyo nje ya nchi. Mkaazi wa Iringa anapotuma picha ya cheti, picha hiyo hutoka katika simu hadi kwenye mnara, hufuata Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi pwani, kisha huvuka bahari kwa nyaya zilizolazwa chini ya maji, kama vile SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyoanza mwaka 2010.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili ziliharibika, na huduma ya intaneti ikazorota katika Tanzania na nchi jirani. Faili za watu hazikupotea, lakini njia ya kuzifikia ilikuwa nyembamba. Mtu ambaye siku hiyo alitakiwa kuwasilisha cheti, na nakala yake pekee ikawa ng'ambo, aliutambua umbali wa hifadhi yake.

3. Ukubwa wa nafasi

Jambo linalotangazwa kwanza ni ukubwa. Google hutoa gigabaiti 15 bure, Microsoft kwa huduma yake ya OneDrive hutoa 5, Apple kwa iCloud hutoa 5, na Dropbox hutoa 2. Wengi huchagua tarakimu kubwa bila ya kupima haja yao wenyewe.

Ichukuliwe mfano wa mwalimu wa skuli ya msingi wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, aliyebakiza miaka mitatu kustaafu. Ana kurasa 40 za hati, na kila ukurasa uliopigwa picha vizuri huchukua kiasi cha megabaiti 1. Jumla ni megabaiti 40. Ana pia picha 600 za familia zenye megabaiti 3 kila moja. Jumla ni megabaiti 1,800. Mali yote hiyo ni megabaiti 1,840, nayo huenea hata katika ile hifadhi ndogo ya gigabaiti 2. Kinachojaza nafasi ni video, kwani dakika moja ya video ya simu huweza kufika megabaiti 100, na dakika kumi zikamaliza gigabaiti nzima.

Lipo pia suala la muda na vocha. Ikiwa mtandao wa mwalimu huyo hupandisha megabiti 2 kwa sekunde, hati zake 40 zitapanda kwa muda usiozidi dakika tatu, lakini mali yote itachukua saa mbili na ushei. Kwa hivyo hati zitangulie, picha zifuate, na video ziwe za mwisho. Bando huliwa wakati wa kupandisha faili na huliwa tena wakati wa kuzishusha.

Aidha, zile gigabaiti 15 za Google ni za pamoja baina ya barua pepe, faili na picha. Nafasi ikijaa, barua pepe mpya hazipokelewi. Kijana wa Iringa anayesubiri barua ya kuitwa kwenye usaili huweza kuikosa kwa sababu ya video za harusi.

4. Masharti hubadilika

Hili ndilo jambo kubwa katika somo hili. Aliyetoa bure anaweza kupunguza, kuweka sharti jipya au kufunga, na mpokeaji hana mkataba wa kumzuia. Mifano ifuatayo imekwisha kutokea:

(a) Mwezi Novemba 2015 Microsoft ilitangaza kupunguza nafasi ya bure ya OneDrive kutoka gigabaiti 15 hadi 5.

(b) Flickr, iliyotoa terabaiti 1 bure mwaka 2013, ilitangaza mwaka 2018 kwamba wasiolipa watabakia na picha 1,000 tu.

(c) Ubuntu One ilisita kutoa huduma tarehe 1 Juni 2014. Wateja walipewa hadi mwisho wa Julai kuchukua faili zao, kisha zikafutwa.

(d) Megaupload ilifungwa na wakuu wa Marekani mwezi Januari 2012 kwa tuhuma za kukiuka haki za waandishi na wasanii, na watu waliokuwa wameweka humo faili zao halali walizikosa pamoja na wengine.

(e) Tangu mwezi Juni 2021 picha zote mpya zinazowekwa Google Photos huhesabiwa katika zile gigabaiti 15, ambapo kabla ya hapo zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa.

(f) Tangu mwezi Disemba 2023 Google huweza kuifuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na vyote vilivyomo.

Mfano huu wa mwisho unastahili kuzingatiwa zaidi. Mtu huhifadhi hati za mafao ili azitumie baada ya miaka mingi, na katika miaka hiyo huenda asiifungue akaunti hata mara moja. Kwa hivyo hifadhi ya bure humtaka mwenye mali aitembelee, kama vile shamba linavyotaka kupaliliwa.

5. Nani anashika ufunguo

Watu wengi hufunguliwa akaunti na fundi wa simu siku wanaponunua simu, iwe Mwanjelwa, Miyomboni au Darajani. Fundi huchagua neno la siri, naye mwenye simu huondoka bila ya kulijua. Simu ikipotea, akaunti huwa imepotea nayo.

Vile vile akaunti nyingi hufungwa kwa namba ya simu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, na ujumbe wa kuthibitisha ukaenda kwa asiyehusika. Anayebadilisha laini abadilishe kwanza namba iliyomo katika akaunti yake.

Neno la siri liandikwe katika karatasi, liwekwe pamoja na hati za nyumba, na mtu mmoja anayeaminika katika familia ajue mahali lilipo. Mwenye mali akifariki, warithi wasioujua ufunguo hukuta mlango umefungwa.

6. Siri na mipaka yake

Huduma nyingi za bure hufunga faili kwa ufunguo ambao kampuni yenyewe unao. Chache, kama MEGA inayotoa gigabaiti 20, humwachia mteja ufunguo. Njia hiyo hulinda siri zaidi, lakini mteja akisahau neno la siri na akapoteza ufunguo wa akiba, faili haziwezi kuokolewa na yeyote.

Siri huvuja pia karibu na nyumbani. Anayepeleka cheti steshenari kupigwa skani ahakikishe kwamba faili imefutwa katika kompyuta ya duka kabla hajaondoka.

Watumishi wanakumbushwa kwamba faili ya ofisi si mali binafsi. Nyaraka za Serikali, orodha za wagonjwa, za wanafunzi au za walipa kodi zisiwekwe katika akaunti binafsi ya bure, hata kwa nia ya kumalizia kazi nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya kuzihamisha taarifa za watu nje ya nchi, na kuziweka katika hifadhi hizo aghlabu ni kuzihamisha.

7. Maswali ya kupimia

Kabla ya kuikubali hifadhi yoyote ya bure, mwananchi ajiulize maswali haya:

(i) Je, mali yangu inahitaji nafasi kiasi gani, na si kampuni inatoa kiasi gani?

(ii) Je, nisipoifungua akaunti kwa mwaka mmoja au miwili, faili zitakuwepo?

(iii) Je, nikitaka kuondoka, naweza kuzishusha faili zote kwa pamoja, na kwa bando la kiasi gani?

(iv) Je, simu hii ikipotea leo, nitaingia kwa njia gani?

(v) Je, huduma hii ikifungwa kesho, nakala nyingine iko wapi?

Swali la tano ndilo hukumu. Asiye na jibu lake hajahifadhi kitu. Amekihamisha tu kutoka kabati lake kwenda kabati la mwingine.

8. Ushauri

Inashauriwa kila hati muhimu iwe na sehemu tatu: asili yake ndani ya mfuko usioingia maji, nakala moja katika diski au flashi iliyowekwa nyumba nyingine, na nakala moja katika hifadhi ya mtandaoni. Mwalimu wa Rungwe aweke flashi yake kwa ndugu aliyeko Iringa. Moto au mafuriko ya mahali pamoja hayatafika pote pawili. Mwanzoni mwa kila mwaka afungue akaunti, afungue hati mbili tatu aone kama zinasomeka, na aijaribu flashi pia, kwani nayo huharibika.

Hifadhi ya bure ni msaada mzuri ikiwa ni nakala ya tatu, na ni hatari ikiwa ndiyo ya pekee. Watumishi na wakaazi ambao bado hawajaanza wanashauriwa kuanza na barua ya ajira ya kwanza, ambayo ndiyo kongwe kuliko barua zote za ajira na ndiyo huulizwa mwisho.