Neno "kuboa"

Kila Desemba Wachaga wengi waishio Dar es Salaam na kwingineko hurudi nyumbani kula Krismasi. Wajukuu wanafika Marangu, Kibosho, Machame na Rombo. Siku ya pili utamsikia mmoja anasema, "Bibi, huku kunaboa." Bibi anabaki kujiuliza: kunaboa ndiyo nini? Mtoto katukana?

Hakutukana. Tulitazame neno lenyewe.

Kuboa limetoka kwenye Kiingereza. Waingereza wana kitenzi "bore", maana yake kumchosha mtu mpaka apige miayo, kama afanyavyo msemaji mwenye hotuba ndefu isiyo na jambo. Walianza kulitumia hivyo katika karne ya 18. Kiswahili kimelichukua na kulivika nguo zake, na sasa linanyambulika kama maneno yetu mengine: anaboa, ananiboa, nimeboeka.

Lakini vijana wetu wameliongezea maana. Kwa Mwingereza ni kuchosha tu. Kwa kijana wa mjini ni kuchosha, na pia ni kuudhi. Basi sikiliza ni nani au ni nini kinachoboa. "Huku kunaboa" ni kusema hakuna la kufanya, mvua inanyesha, simu imekwisha chaji. (Huyo mpe panga akakate majani ya ng'ombe.) "Fulani ananiboa" ni kusema tabia zake sizipendi. Vijana wa rika moja wakiambiana hivyo ni maneno ya kawaida. Mtoto akimwambia bibi yake "unaniboa", hapo amekosa adabu, na aelezwe.

Sisi tulikuwa na maneno yetu kabla ya hilo, nayo hayalingani uzito. Kusumbua ni jepesi, hata mgeni anayebisha hodi husema, "Samahani kwa kukusumbua." Kuchokoza ni zito. Limezaliwa na kuchokoa, kama unavyochokoa meno kwa kijiti. Anayechokoza ameanza ugomvi kwa makusudi, sawa na aliyetia kijiti kwenye mzinga wa nyuki. Kuudhi limetoka kwenye Kiarabu, nalo ni kumtia mtu uchungu moyoni. Hili liandikwe kwa dh. Wengi wetu hutamka z, halafu kalamu inateleza. Ukiandika "jirani ameniuzi", msomaji anaweza kudhani ulitaka kusema "ameniuza", yaani ulipelekwa gulioni kama mbuzi!

Maneno haya yana kazi. Tuseme jirani wa juu anafunga mfongo usiku wa zamu yako, na migomba yako inakauka. Unamwandikia mtendaji wa kijiji: "Jirani ananiboa." Mtendaji atacheka na kuiweka barua pembeni. Ukiandika "ananisumbua", bado hajui umefanywa nini. Andika hivi:

"Jumanne ilikuwa zamu yangu ya maji. Saa nne usiku jirani alifunga mfongo. Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Migomba yangu inakauka, na jambo hili limeniudhi sana. Naomba utuite sote wawili."

Hapo mtendaji anajua siku, saa, kosa na hasara. Neno "limeniudhi" limekuja baada ya kitendo, na limepata nguvu.

Zoezi: Kuku wa jirani wameingia shambani kwako mara mbili wiki hii na kufukua mbegu. Andika sentensi nne kwa mtendaji. Halafu mwandikie mwanao aliye mjini habari hiyo hiyo, na humo ukipenda tumia kuboa.