SOMO: OMBI LIPELEKWE MLANGO UPI?



Mwezi wa Desemba shule hufungwa. Huku kwetu Tarime na Serengeti, ndio mwezi ambao wasichana wengi wamekuwa wakikeketwa. Wengine hutokwa damu nyingi. Wengine hupata shida baadaye, wakati wa kujifungua. Wanafunzi wanalijua jambo hili, maana ni miili yao. Leo tujifunze namna wanavyoweza kulisemea likasikilizwa.

Wengi wakianza husema, "Tunataka sheria." Lakini sheria ipo! Tangu mwaka 1998, anayemkeketa au kumkeketesha msichana aliye chini ya miaka 18 hufungwa miaka 5 hadi 15, au hutozwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Upungufu ni huu: aliyetimiza miaka 18 hakutajwa. Kurekebisha hilo ni kazi ya Bunge, basi aandikiwe mbunge. Mwenyekiti wa kijiji ukimpelekea ombi hilo ataitikia kwa kichwa tu, na mambo yataishia hapo.

Mahakama nayo ni mlango. Bibi Rebeca Gyumi alipinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019.

Haya, lakini usiku wa Desemba Bunge liko mbali. Mlango wa karibu ni mkutano mkuu wa kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Mtoto wa miaka 14 hapigi kura pale. Sisi ndio tunaopiga. Kwa hiyo mzazi au mwalimu alisome ombi la wanafunzi, na alisome kwa maneno yao wenyewe.

Tuseme wameandika hivi: "Tunaomba kijiji kizuie ukeketaji." Ni zuri, ila nani afanye nini? Tulifute, tuandike upya:

"Tunaomba mkutano utakaofanyika kabla ya Desemba uamue mambo 2. Kwanza, utaje nyumba ambayo msichana anayekimbia usiku atabisha hodi. Pili, utaje mtu wa kumpeleka polisi, au kwenye kituo cha Masanga kule Tarime, au nyumba salama ya Mugumu kule Serengeti, na nauli itoke wapi."

Labda wengine watacheka wakisikia nauli. Waacheni wacheke. Pasipo nauli msichana hafiki. Na ombi hili haliishi kwa kutikisa kichwa: ama majina yametajwa, ama hayakutajwa, na katibu ataandika.

Wazee watauliza, "Nani amewatuma watoto hawa?" Swali hilo lisiwashtue. Wanafunzi wajibu kwa adabu kwamba wamejituma wenyewe, nasi tukae karibu nao.

Zoezi. Andika jina la mtu mmoja wa kitongoji chako ambaye msichana anaweza kumbishia hodi usiku. Kisha nenda kamwulize kama atafungua.