JE, MOYO WAKO UKO SAFI?

Rafiki yangu kijana, simama kidogo usome.

Asubuhi umeoga. Nguo umezipiga pasi, viatu vinang'aa. Lakini moyo je? Mara ya mwisho uliukagua lini?

Labda unasema, "Aa, mimi si mbaya, sijaua mtu." Angalia sana! Nyani haoni kundule. Nabii Yeremia alionya kwamba hakuna tapeli anayeushinda moyo wa mwanadamu (Yeremia 17:9). Na mtu wa kwanza kutapeliwa ni wewe mwenyewe.

WAFALME WAWILI

Mfalme Sauli aliagizwa kuangamiza mifugo yote ya Waamaleki. Akawabakiza walionona, kisha akamwambia nabii Samweli kwamba ametii. Kumbe huku nyuma kondoo wanalia! Alipobanwa, akawasingizia watu wake. Mwisho akakiri, lakini papo hapo akaomba apewe heshima mbele ya wazee (1 Samweli 15). Alitaka jina lake lisafishwe, si moyo wake.

Mfalme Daudi alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Mtoto akazaliwa, Daudi kimya. Ndipo nabii Nathani akamsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akamhukumu tajiri yule afe. Kumbe anajihukumu mwenyewe! Nathani alipomwambia, hakumsingizia mwanamke, wala hakusema ni shetani. Alikubali palepale (2 Samweli 12). Machungu ya kosa lile yaliifuata nyumba yake, lakini msamaha aliupata. Soma Zaburi ya 51 uone alivyolia asafishwe ndani.

Wote wawili walikiri. Sauli alikiri huku amejificha. Daudi alijitoa nje. Wewe unamfuata yupi?

JIKAGUE LEO

Usiku huu zima redio, weka simu mbali, ujiulize:

1. Ni jambo gani unalificha ili mama yako asilijue kamwe?
2. Una kitu cha nani ambacho hukupewa?
3. Ni nani ambaye akipatwa na balaa, wewe utafurahi moyoni?
4. Ni kosa gani lako ambalo kila siku unamtwika mwenzako?

Usijibu haraka haraka. Kila dhambi iite kwa jina lake. Wizi ni wizi, usiseme "nilikopa". Uasherati ni uasherati, usiseme "ni ujana tu". Lakini sikia na hili: ubaya uliotendewa kwa nguvu si dhambi yako. Huo usiutubie; mpelekee Yesu akuponye.

Katika miaka ya 1930 moto wa uamsho uliwaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Ulienda na toba ya wazi. Watu walitaja dhambi zao, wakarudisha mali walizoiba, maadui wakapatana. Kule Uganda wakaitwa Balokole, yaani waliookoka. Hata Zakayo mtoza ushuru, siku Yesu alipoingia kwake, aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Moyo ukisafishwa, mikono nayo inaachia.

KUJIKAGUA HAKUTOSHI

Kioo kinakuonyesha tope usoni, lakini hakikuoshi. Unaweza kulia usiku kucha na asubuhi ukabaki ulivyo. Kinachoosha ni damu ya Yesu Kristo, aliyekufa msalabani kwa ajili yako. Ukiungama, yeye ni mwaminifu kukusamehe (1 Yohana 1:9). Huna haja ya kujitengeneza kwanza. Njoo na uchafu wako!

SALI HIVI KWA IMANI

"Bwana Yesu, nimechoka kujificha. Dhambi zangu ni hizi (zitaje). Sina wa kumsingizia, nimetenda mimi. Nioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wangu tangu leo. Nipe nguvu ya kurudisha na ya kupatana. Amina."

Kama umesali kwa kumaanisha, umesamehewa! Kesho usikae. Kile kitu cha watu kirudishe. Yule uliyemkosea mwendee. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, uwaambie watumishi wa Mungu wakuombee na kukufundisha Neno.

Usiseme kesho kutwa. Yesu anakuita leo!