Warsha Inayopishana na Maji: Somo la Kupanga Mipango Kutoka Delta ya Rufiji

Mwanafunzi mwenzangu, kama bado hujaenda fildi, soma hii kabla hujafunga begi. Kama umeshakwenda na ukarudi na ripoti nzuri ambayo kijijini hakuna aliyeisoma, basi tuko wengi.

Mimi nilipangiwa Wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, takribani kilomita 140 kusini mwa Dar es Salaam. Kazi yenyewe ilikuwa kusaidia kikundi cha wakusanya na wauza kaa kuandaa mpango wa biashara. Kikundi kiko katika kijiji cha delta, unapanda boti Nyamisati ndipo unafika. Walikuwa wanajiandaa kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaokwenda kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Walitaka boti na mashine. Mkopo hauna riba, lakini ni mkopo: usiporejesha, kikundi kizima kinadaiwa.

Nilifika na bangokitita, kalamu za rangi nne na notsi za somo la mipango mkakati. Saa tatu asubuhi nikaandika juu kabisa: DIRA YETU. Nikauliza, "Baada ya miaka mitano mnajiona wapi?" Kimya. Nikauliza tena. Mama mmoja akasema kwa upole, "Hapahapa, mwanangu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka ili nisilie. Saa nne kasoro, vijana wote wakasimama kwa pamoja. Mzee mmoja akanieleza kama anavyomweleza mgeni, "Mwalimu, usiwaone wabaya. Leo bamvua. Maji yanakupwa."

Ndiyo nilivyolijua somo la kwanza. Kaa wa mikoko huchokolewa kwenye mashimo yao maji yakishatoka, na siku za bamvua maji hutoka mbali zaidi. Nilikuwa nimewaita watu kuzungumzia biashara katika saa ileile biashara yenyewe inapofanyika.

Warsha ni nini hasa

Tuweke maneno sawa. Mkutano hutoa taarifa. Semina hufundisha. Warsha inatakiwa kuzalisha kitu, na waliomo ndio wanaokizalisha. Mwezeshaji haji na majibu. Anakuja na mpangilio wa maswali, na anahakikisha kila mwenye jibu anapata nafasi ya kulitoa. Ukimaliza siku mbili na wewe ndiye uliyeongea zaidi, hiyo ilikuwa semina, hata kama mlango ulibandikwa karatasi ya "WARSHA".

Jambo hili lina mizizi hapa kwetu. Miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, aliyekuwa mtafiti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya kazi na wenzake Watanzania katika mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo, mkoa huuhuu wa Pwani. Msimamo wao ulikuwa kwamba wanakijiji ni watafiti wenza, si watu wa kuulizwa maswali na kuachwa. Baadaye Mwingereza Robert Chambers akaeneza duniani mbinu za aina hiyo: kuchora ramani chini kwa fimbo, kupiga kura kwa mbegu, kupanga kalenda ya mwaka kwa mawe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 TAMISEMI ikaja na utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambapo wawezeshaji hukaa kijijini siku kadhaa na wananchi kupanga vipaumbele. Utaratibu huo ulilalamikiwa kwamba unazaa orodha ndefu za maombi kwenda serikalini, ukaboreshwa ili uanze na jitihada za jamii yenyewe. Kumbuka tofauti hiyo. Orodha ya maombi inasubiri mtu mwingine atekeleze, lakini mpango humtaja mtekelezaji aliyemo ndani ya chumba.

Rufiji imeshapangiwa sana

Kabla hujamwuliza mtu wa Rufiji habari ya mipango, jua kwamba yeye ameiona mingi. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, watu wa bondeni walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa nyanda za juu. Kwenye karatasi lilikuwa jambo la busara. Lakini rutuba ilibaki bondeni, inakoletwa na maji yaleyale, na kilimo cha mlau hufuata maji yanapopungua. Watu wakawa na nyumba juu na dungu shambani, wakiishi huku na huku kulinda mpunga dhidi ya nguruwe.

Halafu kuna kisa cha kamba, namaanisha kamba wa kuliwa. Miaka ya 1990 African Fishing Company ilipendekeza mashamba ya kufuga kamba ya maelfu ya hekta ndani ya delta, penye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Baraza la Mazingira, NEMC, lilishauri mradi usiidhinishwe. Serikali ikauidhinisha mwaka 1997. Wananchi wa delta wakaupinga hadi mahakamani, na mashamba yale hayakujengwa.

Sasa linganisha na hili. Kati ya 1998 na 2003, mradi wa mazingira wa Rufiji uliosimamiwa na halmashauri pamoja na shirika la IUCN ulikaa na vijiji vichache vya mfano, vikiwemo Jaja na Twasalie vya delta, kuandaa mipango ya mazingira ya kijiji. Kamati za kijiji zilihusika, ramani zikachorwa, mijadala ikafanyika. Ilichukua miaka. Ndiyo bei yake. Mpango wa haraka ni rahisi kuandika, ila anayeulipia ni mtu mwingine.

Hatua tano nilizojifunza kwa kukosea

1. Uliza saa kabla ya kuuliza dira. Delta ina kalenda mbili: ya ukutani na ya mwezi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Katikati yake ni maji mafu, mkusanyaji hapati cha maana, watu wako nyumbani. Warsha yetu ya pili tuliiweka maji mafu. Walikuja wote, na hakuna aliyesimama. Kwa wenzetu wa jijini kanuni ni ileile: usiwaite wauza samaki wa Feri alfajiri, wala mama lishe saa saba mchana.

Na posho je? Usijifanye huijui. Watu wameshazoea kwamba kila anayekuja na bangokitita anakuja na bahasha. Sisi tulisema tangu siku ya kwanza: chai na chakula vipo, bahasha haipo. Wawili hawakurudi. Waliobaki walibaki kwa sababu ya kaa, na hao ndio uliowahitaji.

2. Angalia nani yuko kimya. Kadi za rangi ambazo wawezeshaji wanazipenda zina kasoro moja: zinawapa sauti wanaoandika haraka. Tuliziweka pembeni tukatumia punje za mahindi. Kila mtu punje tano, kila tatizo na kikombe chake, unaweka punje mgongo ukiwa umewageukia wenzako. Mwenyekiti alikuwa ametuambia tatizo ni boti. Kikombe cha boti kilipata punje, sikatai. Lakini kikombe cha "kaa kufa njiani" kilifurika, na waliokijaza ni akina mama wanaopokea na kufunga mzigo, ambao siku ya kwanza hawakusema neno.

3. Fuata kaa mpaka ageuke fedha. Chora njia yote: shimoni, mtumbwini, nyumbani, botini, Nyamisati, barabarani, kwa mnunuzi. Kila kituo uliza: anakaa muda gani, nani anamshika, nani analipwa, nani anadai. Kwenye kituo cha mwisho lilijitokeza jambo ambalo hakuna fomu ingelipata. Baadhi yao walikuwa na deni kwa tajiri, yule anayewakopesha nyavu na mafuta, kwa hiyo bei anapanga yeye.

Tufanye hesabu. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya darasa, ila umbo lake ndilo tuliloliona. Tuseme kikundi kinapata kaa 100 kwa wiki na 30 wanakufa kabla ya kuuzwa. Wanauza 70. Wakinunua boti na mavuno yakapanda hadi 130, huku vifo vikibaki asilimia 30, watakufa 39 na watauza 91. Sasa acha boti. Punguza vifo hadi 10 katika kila 100: funga magando, funika kwa gunia bichi, weka kivulini, na usikusanye mzigo siku ambayo hakuna boti ya kuutoa. Watauza 90. Tofauti kati ya mpango wa boti na mpango wa magunia ni kaa mmoja kwa wiki. Na magunia hayanywi petroli.

Nilipomaliza kuandika hesabu hiyo ukutani, hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti aliinama. Alikuwa ameshawaahidi vijana boti, na vijana walikuwa wameshaanza kugombea nani atakuwa nahodha. Hapa ndipo mwezeshaji anapopata kishawishi cha kuokoa jahazi kwa maneno matamu. Nilinyamaza, nadhani kwa woga zaidi kuliko kwa hekima. Mzee yule wa bamvua ndiye aliyesema, "Mwenyekiti hakukosea. Sote tulihesabu kaa walioingia, hakuna aliyehesabu waliokufa." Aibu ya mtu mmoja ikagawanywa kwa watu wote, na kazi ikaendelea. Waliamua kuomba kiasi kidogo zaidi, kwa ajili ya vizimba vya kunenepeshea kaa na kwa ajili ya kumaliza madeni ya nyavu kwanza.

4. Uueni mpango nyinyi kabla haujauawa na wengine. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Gary Klein ana zoezi zuri. Unawaambia watu: tujifanye mwaka umepita, mpango umekufa, elezeni ulikufaje. Mtu anayeogopa kuonekana mpinzani anapata ruhusa ya kusema. Majibu yalikuja: mweka hazina kuhama, kaa kuibwa vizimbani, tajiri kukasirika. Mama wa "hapahapa, mwanangu" akasema neno moja tu: "Mto." Kwa sababu yake wakaamua kuanza na vizimba vinne badala ya kumi, na kuviweka viwili viwili sehemu mbali mbali.

5. Andika kidogo, bandika ukutani. Jedwali letu lilikuwa na safu tano: nini, nani, lini, fedha ipi, tutajuaje. Kwenye safu ya "nani" tulikataa neno "kikundi" na neno "wote". Kazi ya wote haina mwenyewe. Kila mstari una jina la mtu mmoja, na mtu huyo yuko chumbani anasikia jina lake likiandikwa. Halafu siku ya mapitio: kila maji mafu, nusu saa, maswali matatu. Tulisema tutafanya nini? Tumefanya nini? Kinachokwamisha ni nini? Kampuni za programu za kompyuta hufanya hivyohivyo kila wiki mbili na wameipa majina makubwa. Delta tayari ilikuwa na saa yake ya wiki mbili juu angani.

Nilichokikuta niliporudi

Niliandika pia ripoti ya kurasa 34 yenye dira, dhima na maadili ya msingi. Supavaiza aliisifia. Nilirudi kijijini baada ya masika, nikaiulizia. Mweka hazina alikwenda ndani, akatoka nayo, safi kabisa kwenye mfuko wake wa nailoni. Alikuwa ameitunza kama cheti. Hakuna aliyekuwa ameifungua.

Jedwali lilikuwa bado ukutani. Lina madoa ya mvua, majina mawili yamefutwa na mengine kuandikwa juu yake. Mto ulikuwa umechukua vizimba viwili. Viwili vilibaki, na ndivyo vilivyolipa rejesho la kwanza. Rejesho la pili lilichelewa, nalo liliandikwa palepale kwa kalamu nyekundu, pamoja na jina la anayelifuatilia. Vijana bado wanaitaka boti. Mwenyekiti aliniambia watalizungumza mwakani, "tukishajua kuhesabu wanaokufa."

Kwa hiyo, mwenzangu, kama kamati yenu ya darasa, klabu au serikali ya wanafunzi inapanga semina elekezi ya kuandaa mpango wa mwaka, msianze na dira. Anzeni kwa kuuliza nani hawezi kuja saa hiyo na kwa nini. Kisha chukueni mpango wa mwaka jana, tafuteni safu ya "nani", na mhesabu mistari mingapi imeandikwa "wote".