Kabla ya kuagiza vifaranga, pita kwa mtendaji

Masika yanabisha hodi, na maswali ninayoulizwa wiki hizi ni yale yale: broila au chotara, mia au mia mbili, banda la mbao au la matofali. Ni wachache wanaouliza kama mtaa wanaokaa unaruhusu.

Hapa Tanzania usitafute idadi moja ya kuku kwa miji yote. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo zake, kwa hiyo kinachokubalika manispaa moja kinaweza kuwa kosa manispaa ya jirani. Ng'ombe wana historia yao: kanuni za kilimo cha mijini za 1992 ziliweka ukomo wa ng'ombe wanne, tena wa kulishwa bandani. Kwa kuku, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uonane na mtendaji, kisha bwana mifugo wa kata. Omba kuiona sheria ndogo yenyewe. Uliza idadi, umbali wa banda kutoka ukuta wa jirani, na kama kibali kina ada. Kauli ya “mbona wote wanafuga” haitakusaidia siku utakapoletewa notisi. Na kama umepanga, zungumza kwanza na mwenye nyumba.

Hata ukiwa na kibali mkononi, mara nyingi kinachomleta bwana afya getini ni jogoo, nzi na harufu. Jogoo hana ugumu: kuku wa mayai hutaga bila yeye, kwa hiyo kama huangulishi, muuze.

Harufu ndiyo kazi. Kinyesi kikilowa hutoa amonia, ile hewa inayochoma macho. Kiangazi maranda hukauka yenyewe. Masika yanalowa kwa mvua ya upepo, kwa maji yanayomwagika kwenye vyombo vya kunyweshea, na kwa sakafu iliyo chini kuliko uwanja. Chota maranda, yafinye, kisha fungua kiganja. Yakisambaratika, uko salama. Yakibaki tonge, yameloa: yaondoe, hasa yale ya chini ya vyombo vya maji, ongeza makavu, na geuza yaliyobaki kwa reki kila baada ya siku mbili tatu. Halafu chuchumaa, pua iwe usawa wa kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, ujue kuku wanaumia tangu jana, na jirani hayuko mbali kulalamika. Mvua hazijaanza bado, kwa hiyo refusha paa upande unaopigwa na upepo, inua sakafu na panga vyombo vya maji juu ya matofali. Usiwabananishe, kuku wa mayai watano au sita wanatosha mita moja ya mraba. Mbolea ifungwe kwenye viroba siku ile ile inapotolewa. Wakulima wa mchicha wataifuata, ila isiwasubiri mbele ya geti la mwenzio.

Kwa nyuki sina upole huo. Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu aliinadi sana kazi hii, na akafanya vizuri, lakini nyuki wakubwa wana mahali pao, na si kati ya nyumba na nyumba. Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya 2002 ipo, ila hata kabla hujaifungua, tabia ya nyuki wetu inakupa jibu. Mtikisiko wa jenereta au jembe karibu na mzinga unatosha kuwachokoza. Nyuki mmoja akiuma, huacha harufu inayokaribia ile ya ndizi mbivu, na wenzake huifuata hapo hapo. Mtoto anayecheza mpira au mbuzi aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia. Mizinga hiyo ipeleke shambani, mbali na makazi na njia za watu.

Kundi likitua kwenye mti wako, usichome tairi wala kumwaga mafuta ya taa. Mara nyingi limepumzika tu na litaondoka lenyewe. Funga mbwa, ingiza watoto ndani. Likiingia darini, mtafute afisa nyuki wa wilaya. Likianza kushambulia watu, piga 114 upate Zimamoto.

Anayetaka asali uani aanze na nyuki wadogo, wale wasiouma. Wanakaa kwenye kisanduku kidogo cha mbao chini ya upenu, wanachavusha mapapai na maboga, na hawana ugomvi na mtu. Asali yao ni kidogo, yenye uchachu, na bei yake hupita ile ya nyuki wakubwa. Kisanduku kikae kivulini, mvua isikifikie, na miguu ya meza yake uipake grisi kuzuia sisimizi. Nao waulizie kwa mtendaji siku ile ile utakayoulizia kuku.