Jahazi Ndani ya Chupa

Siku ya maonyesho ya kazi za mikono wageni wengi walisimama mbele ya chupa yangu wakauliza swali lile lile: "Jahazi hili limeingiaje humu, na shingo ya chupa haipitishi hata vidole viwili?" Wengine walidhani kitako cha chupa kilikatwa, kisha kikagandishwa. Sivyo. Nataka kueleza kazi yote, ili atakayejaribu asipate hasara niliyoipata mimi.

Kazi hii si ngeni. Katika mji wa Lübeck, Ujerumani, imehifadhiwa chupa yenye merikebu iliyoundwa na Giovanni Biondo mwaka 1784. Katika karne ya 19 mabaharia wengi wa Ulaya na Marekani walijipitishia saa za safari kwa kazi hii, wakitumia kisu cha mfukoni, uzi na vipande vya mti. Na mwaka 2010 msanii Yinka Shonibare aliweka katika uwanja wa Trafalgar, London, chupa kubwa yenye mfano wa Victory, merikebu ya Nelson, na matanga yake yalikuwa ya nguo za rangi kama vitenge vyetu.

Mimi nilichagua jahazi kwa ajili ya babu yangu. Alikuwa baharia kwa miaka mingi, akisafiri kati ya Lamu, Mombasa na Zanzibar. Sasa miguu haimchukui tena mpaka pwani. Nilimwahidi kwamba, kwa kuwa yeye hawezi kulifuata jahazi, nitamletea jahazi kitandani kabla ya likizo kwisha.

Kwanza, pima chupa. Yangu ilikuwa ya kioo kisicho na rangi; shingo yake kwa ndani sentimita 2, na tumbo sentimita 8. Kipimo cha shingo hutawala unene wa chombo. Kipimo cha tumbo hutawala urefu wa mlingoti na tanga. Nilichonga jahazi kwa mti mwepesi, urefu sentimita 10, upana 1.4 na kimo 0.8, nikalisugua kwa msasa. Sehemu ya chini ya maji haihitajiwi, kwani bahari itaificha.

Pili, chonga mlingoti wa sentimita 3.5, wala usiugandishe. Toboa kitako chake kwa sindano iliyotiwa moto, pitisha waya mwembamba, kisha kunja ncha mbili za waya na kuzipachika katika sitaha. Hapo mlingoti utaweza kulala kuelekea tezi na kusimama tena, kama mlango juu ya bawaba zake. Kutoka kileleni funga nyuzi mbili, moja ubavu wa kulia na moja wa kushoto, nyuma kidogo ya mlingoti, zipate kuuzuia usiangukie omo.

Tatu, foromali. Yangu ilikuwa na urefu wa sentimita 6, nikaifunga kati yake karibu na kilele cha mlingoti, kwa fundo lililolegea kidogo ili ipate kugeuka. Tanga nililikata kwa bafta nikaligandisha kwenye foromali. Sasa zinatakiwa nyuzi mbili ndefu, nazo ndizo roho ya kazi. Wa kwanza hutoka kilele cha mlingoti, wa pili hutoka ncha ya chini ya foromali. Kila mmoja hupita katika kitundu chake cha omo na kutokeza nje ya chupa.

Nne, bahari. Nilichanganya rangi ya buluu na ule udongo wa kubandikia vioo vya madirisha, nikautandaza ndani kwa waya uliopindwa, unene wa sentimita 1.5. Kisha mlingoti hulazwa, tanga huviringwa, na jahazi huingizwa kwa tezi, omo ikielekea shingo ya chupa.

Hapa ndipo nilipoharibikiwa. Nilikuwa na haraka, nikatia jahazi bila kujaribu chochote nje. Nilivuta uzi wa mlingoti peke yake. Mlingoti ulisimama, lakini foromali nayo ilisimama wima, ncha yake ikagota kwenye kioo. Nikavuta kwa nguvu. Waya uling'oka, mlingoti ukaanguka, na jahazi lilikuwa limekwisha shikwa na bahari yake. Kazi ya wiki tatu niliivunja kwa nyundo, na likizo ilibakiwa na siku tisa.

Nilikwenda kwa babu kumwomba radhi. Hakunikemea. Aliniuliza, "Uliwahi kulitweka tanga kabla ya kulitia chupani?"

"La, babu."

"Mjukuu wangu, chombo huundwa pwani, majini hushuliwa tu."

Nikaanza upya. Safari hii nilitweka tanga mezani mara ishirini kabla ya kugusa chupa. Ndipo nilipojua kwamba nyuzi zote mbili huvutwa pamoja: mlingoti unapoinuka, uzi wa pili huvuta ncha ya foromali kuelekea omo, foromali ikalala mshazari, na kilele chake kisifike kwenye kioo.

Siku ya nane nililitia jahazi chupani, nikampelekea babu nyuzi zikining'inia nje. Nilishika chupa, yeye akashika nyuzi. Vidole vyake hutetemeka siku hizi, lakini alivuta taratibu, na tanga likapanda lote. Akalitazama kitambo, akasema, "Kaskazi hii."

Baadaye nilitia tone la gundi katika vitundu vya omo, likakauka, nikakata nyuzi kwa wembe uliofungwa kwenye kijiti. Chupa iachwe wazi wiki nzima kabla ya kutiwa kizibo, ama sivyo unyevu utatia ukungu kwenye kioo.

Basi, jibu la wageni ni hili: jahazi halikuundwa chupani. Ndani ya chupa kazi ilikuwa ya dakika mbili. Nje ilikuwa ya siku nane. Atakaye kujaribu na aje, nitamwonyesha nyuzi na vipimo. Lakini chupa yenyewe niliiazima kwa siku moja tu, nayo imekwisha rudi kando ya kitanda cha babu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu